Zawadi ya Kuhesabia

Harufu ndiyo iliyonikamata. Nilikuwa dukani mjini Embu, Krismasi ikiwa imekaribia, nimetumwa na binti wa ndugu yangu niwachagulie watoto wake "zawadi za kuchangamsha akili," kama alivyoniandikia kwenye simu. Yeye kazi haimpi nafasi, na mimi kwa kuwa nimestaafu anaamini sina shughuli. Nikasimama mbele ya rafu nzima ya akili: darubini za plastiki, sumaku za rangi rangi, vipande vya kupanga maumbo, na roboti ndogo inayokuuliza jedwali la sita kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Kila boksi limeandikwa umri wa mtoto anayeruhusiwa kuwa na akili hiyo. Nikacheka peke yangu. Kisha nikainua fremu ya mbao yenye nyaya na shanga za kuhesabia, nikaisogeza machoni nisome maandishi yake, na ile harufu ya vanishi mpya ikaniingia puani. Ilibidi nishike ukingo wa rafu. Msichana wa duka akaniuliza, "Cucu, uko sawa?" kama wanavyoitwa mabibi kwetu. Nikamwambia niko sawa, nimekumbuka nyumbani tu.

Ninyi wa rika langu mliokulia upande wetu wa Mbeere, kule chini ambako joto linateremka mpaka mto Tana, hamhitaji kuambiwa Krismasi ilikuwa nini. Ilikuwa nguo. Mengine yalikuwepo, sikatai: chapati zilizokandwa kwa zamu, mbuzi, soda moja ya kugawana watoto wawili huku kila mmoja akichunga koo la mwenzake. Lakini Krismasi yenyewe ilikuwa nguo mpya, na nguo mpya ilikuwa ya kuvaliwa kanisani, na kwa sisi wa Shule ya Jumapili ilikuwa ya kusimama mbele ya watu wazima wote ukisema mstari wako wa Biblia bila kutazama chini. Mstari ungeweza kuusahau ukasamehewa. Rinda kuukuu halikusamehewa.

Sasa, nguo zetu zilitoka kwa Tata. Tata ndivyo tunavyomwita shangazi, na huyu alikuwa dada mdogo wa baba, mwalimu kule Runyenjes, kwenye kahawa na majani chai na baridi ya asubuhi. Kwetu sisi mtu aliyeishi mahali ambapo watu huvaa sweta mchana alikuwa sawa na mtu wa ng'ambo. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kucheka, na alikuwa na tabia moja ya kuudhi: hakupi peremende mpaka umjibu swali. Kama ninazo kadhaa na nikikugawia nusu, zitabaki ngapi? Unasimama hapo mate yamejaa mdomoni, unakokotoa. Mama alikuwa akisema Tata angeweza kuliuliza jeneza swali la hesabu. Nilimpenda kuliko watu wazima wote, peremende au bila peremende.

Mwaka ninaousimulia, alituma salamu kupitia kwa baba kwamba safari hii ataniletea kitu kizuri ambacho sijawahi kuwa nacho. Nilikuwa darasa la tatu, na akili yangu ilienda moja kwa moja kwenye satini. Rinda la satini, la rangi ya waridi, lenye utepe wa kufungia nyuma. Sikuambiwa na mtu. Nilijiambia mwenyewe, nikaamini, kisha nikawatangazia wasichana wote wa Shule ya Jumapili. Kufikia katikati ya Desemba rinda hilo lilikuwa na utepe, mifuko miwili na kola ya lesi nyeupe, na kila nilipolisimulia liliongezeka kitu.

Tata alifika na katoni imefungwa kwa kamba ya katani. Kaka yangu Njue akapewa sumaku, ile ya umbo la kwato, nyekundu, na hata jioni haikufika kabla haijaipata sindano ya Cucu, bibi yetu, iliyopotelea kwenye vumbi la uani tangu wakati wa mavuno. Basi sumaku ikawa kipenzi cha nyumba. Mdogo wetu Ireri, ambaye alikuwa ameanza kutembea majuzi tu na bado alianguka kila alipocheka, akapewa fulana nzito ya manjano. Tata alisema akili ya umri ule inataka kwanza kupata joto. Kisha akanigeukia mimi, akatoa fremu ya mbao. Nyaya zimenyooshwa kutoka upande hadi upande, na kwenye kila waya shanga za mbao kubwa kubwa, nyekundu, kijani, buluu na manjano, zinang'aa vanishi. Aliiita abakasi. Aliinunua, alisema, badala ya rinda, na alisema neno "badala" akitabasamu, bila habari kabisa.

Nililia. Sitapamba. Nililia machozi ya mtu aliyefiwa, na mama akanikata jicho ambalo kwa kawaida lingenikausha mara moja, lakini siku hiyo halikufaulu. Baadaye niliwasikia yeye na Tata jikoni. Mama aliuliza, kwa upole wake wa hatari, mtoto wa kike atasimamaje mbele ya kanisa ameshika waya. Tata akamjibu:

"Rinda litambana mwaka ujao, mke wa kaka. Hesabu haitambana."

Siku ya Krismasi nilivaa rinda la mwaka uliopita, limekunjuliwa pindo, na mstari wa pindo la zamani ukionekana mweupe magotini kwa kila aliyetaka kuuona. Wasichana wakaniuliza satini iko wapi. Nikasema iko njiani. Nilisema mstari wangu wa Biblia nikitazama viatu vya mzee wa kanisa, nikarudi kukaa, nikaapa moyoni kwamba ile abakasi sitaigusa mpaka nife.

Niliigusa kesho yake. Nani angevumilia? Ilikuwa inanukia vizuri hivyo. Ukiweka pua karibu na shanga ulisikia vanishi na mbao kwa pamoja, harufu ya kitu kilichotengenezwa kwa ajili yako na bado hakijashikwa na moshi wa jikoni. Nilizilamba chache, nikagundua nyekundu na kijani zina ladha moja. Na mlio wake! Ukisukuma ushanga mmoja unateleza taratibu kisha unagonga wenzake, tak. Tata akaketi nami kwenye kivuli cha ghala, akanionyesha jinsi waya wa chini ukijaa unavyourudisha wote, ukasukuma mmoja tu juu yake, na huo mmoja unabeba kumi. Jambo hilo lilinishangaza kuliko muujiza wowote niliofundishwa Jumapili. Nikahesabu mawe ya jikoni, nikahesabu mabua ya mtama, nikahesabu maganda ya kunde ambayo mama alikuwa hajamaliza kuyabambua. Ireri alikuwa kando yangu muda wote, anazipiga shanga kwa kiganja, anataka zile za manjano tu kwa sababu zilifanana na fulana yake. Nilisahau satini bila kujua kwamba nimeisahau.

Kisha nikataka kuhesabu mbuzi, na hapo ndipo nilipokutana na Cucu.

Cucu alikuwa mama yake baba, na mimi, kama binti wa kwanza wa mwanawe, nilikuwa na jina lake. Mnajua kwetu jambo hilo lilivyo zito. Baba aliniita Mami. Cucu mwenyewe aliniita "mwenzangu," na nikimletea kibuyu cha maji aliwaambia wageni kwamba amejichotea maji mwenyewe, ijapokuwa miguu inauma. Mbuzi walikuwa wake. Jioni alisimama mlangoni pa zizi akiwatazama wakiingia, na kama mmoja amebaki porini alijua mara moja, si kwa idadi, bali kwa kukosa sura. Yule mwenye sikio lililochanika hayupo, alisema, na Njue akarudi mbio kumtafuta.

Jioni hiyo nilisimama upande wa pili wa mlango na abakasi yangu, nikisukuma ushanga kwa kila pembe inayopita. Cucu aliponiona alivua leso begani akaifunika ile fremu. Akaniambia vitu vyenye pumzi havihesabiwi. Ni mugiro, mwiko wa tangu zamani: ukihesabu kilicho hai unakionyesha kwa kile kinachokitafuta. Nikamwambia Tata huhesabu watoto wa darasa lake kila asubuhi, na kuwaandika kwenye rejista. Cucu akafikiri kidogo.

"Hao ni wa serikali," akasema.

Nikaanza basi kuona jambo ambalo nilikuwa nikilisikia siku zote bila kulisikia. Mgeni akimuuliza mama ana watoto wangapi, mama alijibu, "Ni hawa unaowaona," au, "Ni wale Mungu ametuachia." Hakutaja idadi hata mara moja. Nilidhani ni adabu tu, kama vile kutokubali chai mara ya kwanza unapokaribishwa. Sasa nikajua ni ulinzi, na mtoto akijua mahali palipo na ulinzi hujua pia palipo na hatari. Lakini nilikuwa na abakasi, na mikono yangu ilikuwa inawasha.

Niliwahesabu watu siku iliyofuata, nyuma ya ghala. Nilisukuma mmoja mmoja nikitaja kwa kunong'ona: baba, mama, Cucu, Tata, Njue, mimi. Nikafika kwa Ireri, nikamchagulia ule wa manjano mwishoni mwa waya, nikausukuma, tak. Nilipoinua macho Cucu alikuwa amesimama juu yangu. Hakupaza sauti. Aliinama, akazirudisha shanga zote kwa kiganja kimoja, akatema mate kidogo kifuani pangu kunibariki kama walivyofanya wazee, akaenda zake. Ningependa sana kama angenichapa.

Wiki hiyo hiyo Ireri akakataa uji. Alilala mkekani mchana, yeye ambaye mchana alikuwa hashikiki, na nilipomgusa shingo nikaondoa mkono. Kufikia alasiri alikuwa anatetemeka chini ya blanketi la Cucu, katika joto lile letu, meno yake machache yakigongana. Alinitazama, akanyoosha mkono kama aliyetaka nimpe kitu, macho yake yakageuka juu. Mama akapiga ukelele ambao sijausikia tena maishani mwangu na siombi kuusikia. Baba akatoa baiskeli, mama akapanda nyuma na Ireri mgongoni, wakashika njia ya hospitali ya misheni. Nilibaki nimesimama uani mpaka vumbi lao likatulia.

Asubuhi baba alirudi peke yake kuchukua blanketi na nguo za mama. Tulimzunguka sote. Alisema neno moja tu, "Bado," akapanda baiskeli yake akaondoka.

Nilikuwa nje ya jiko nikichambua kuni nilipowasikia Cucu na Tata ndani. Hawakuwa wakigombana, ni kama watu wawili walioshika mzigo mmoja na kila mmoja anauvutia kwake. Cucu akasema alijua tangu siku ya kwanza kwamba kile kitu cha kuhesabia hakifai kuwa ndani ya boma. Tata akasema kwa sauti iliyochoka kwamba ni malaria, ni mbu, mtoto haugui kwa sababu ya shanga.

"Mbu walikuwepo mwaka mzima," Cucu akasema. "Shanga ndizo ngeni."

Ninyi mliosoma sayansi mtaona ubaya wa hoja hiyo. Mimi niliona uzuri wake tu. Ilikuwa ndiyo namna ileile Tata aliyonifundisha kufikiri: tazama kilichobadilika. Kilichobadilika nilikuwa nacho mikononi. Niliogopa, nikaketi kwenye kuni.

Nikakaa hapo nikifikiri kwa bidii kuliko nilivyowahi kufikiri darasani. Cucu alikuwa amezirudisha shanga, kweli, lakini ule wa manjano ulikuwa bado kwenye waya. Ulikuwa umeshapewa jina la Ireri. Bila shaka kile kinachotafuta watoto kilikuwa kinauona pale pale, mwishoni, unang'aa. Kuurudisha hakutoshi. Lazima utoke, na uende mahali ambapo hakuna awezaye kuhesabu.

Nilichukua abakasi nikaenda nayo nyuma ya nyumba. Waya ulikuwa umepindwa ncha nje ya mbao. Niliunyoosha kwa jiwe na kwa meno, midomo ikachubuka, mpaka ukapita tundu. Shanga zote za waya ule zikanimwagikia mapajani. Nikautenga ule wa manjano, nikazirudisha nyingine, nikaupinda waya vibaya vibaya. Kisha nikapanda kwenye ghala la mawele. Mnayakumbuka yale maghala, kama kapu kubwa juu ya miguu ya miti, na paa la nyasi unaloliinua kwa kichwa. Nikaliinua. Ndani mlikuwa na giza, vumbi na mawele yasiyo na idadi, hata Tata mwenyewe na abakasi elfu asingeyamaliza. Nikaudondosha ushanga wa Ireri humo, nikakoroga kwa mkono mpaka bega, nikamwomba Mungu asiuone hata Yeye. Nikashuka.

Ireri alirudi nyumbani akiwa hai. Alikuwa ameisha, shingo imekuwa nyembamba, fulana ya manjano inamning'inia kama ya mtu mwingine, lakini alikuwa na njaa na hasira, na mama alisema hasira ni dalili nzuri. Alikunywa uji akadai mwingine. Baba akamshukuru Mungu, Tata akazishukuru sindano za kwinini, Cucu akashukuru kimyakimya kwa namna yake. Mimi sikumshukuru mtu. Mimi nilijua. Nilitembea uani siku zile nikiwa nimebeba siri kubwa kuliko kichwa changu: nilikuwa nimemuua ndugu yangu na nikamfufua, na hakuna aliyejua hata moja kati ya hayo mawili. Kusema kweli nilijivuna kidogo. Kila nilipopita karibu na ghala nililitazama lile paa la nyasi na kuridhika.

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa na Tata alikuwa anafunga mizigo yake kurudi Runyenjes. Tulikuwa uani alasiri, mama amekaa na ungo mapajani akichagua mawe kwenye ndengu, Cucu kwenye kigoda chake, Ireri amelala mkekani, usingizi mzuri wa mtu aliyepona. Tata akataka kuiona abakasi kabla hajaondoka. Akaona waya uliopindwa ovyo, akaona waya mmoja umepungukiwa ushanga. Hakuuliza. Nadhani alifikiri Ireri aliumeza au Njue aliupoteza, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kutengeneza, alichukua kisu akakata kipande cha gunzi, akakichonga mviringo, akakitoboa. Nilikuwa natazama nikidhani anatengeneza gurudumu la Ireri. Kisha akaunyoosha ule waya, akakipitisha kile kipande, akakisukuma mpaka mwisho, pale pale palipokuwa pa manjano.

"Haya," akasema. "Sasa imetimia."

Sikumbuki kuinuka. Nakumbuka nimeirukia ile fremu, nimeikumbatia kifuani, ninavuta waya kwa meno mbele ya watu wote, na Tata ananiita jina langu kama mtu anayemwita mtoto kutoka mtoni. Wakanishika. Mama akaniuliza nina nini, na yote yakanitoka kwa kilio, bila mpangilio: mugiro, mbuzi, ushanga wa manjano, ghala, kwamba nilimhesabu Ireri na akaanza kufa, kwamba nilimtoa kwenye hesabu na akapona, na sasa Tata amemrudisha, na ona, amelala, si amelala tena mchana?

Tata alifungua mdomo. Najua alichotaka kusema, maana miaka mingi baadaye nilikisema mimi mwenyewe kwa wanafunzi wangu: mbu, damu, kwinini. Lakini alimtazama Cucu, na Cucu alikuwa ameinamisha kichwa, anavuta pindo la leso yake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeona mtoto amejikata kwa kisu alichokiacha yeye nje. Alitaka kunyoosha mkono kuja kwangu na hakuunyoosha.

Mama akaweka ungo chini. Hakuwa mtu wa maneno mama, na wakati wote wa vile vita vya shanga hakuwa amesema upande wake. Aliitoa abakasi mikononi mwangu kwa nguvu za polepole, kidole kimoja baada ya kingine, akanivuta nikaketi kati ya magoti yake, akaiweka mbele yetu sote wawili. Nilisikia moyo wake mgongoni pangu.

Akasukuma ushanga mmoja. "Njue," akasema.

Nikamshika mkono. Akauondoa mkono wangu, akasukuma wa pili, akataja jina langu, lile la kanisani na la shule, si Mami. Akasukuma wa tatu, akataja tena jina langu. Kisha akakisukuma kile kipande cha gunzi, akasema, "Ireri."

Nilikuwa nimelia mpaka kwikwi, lakini nilikuwa mwanafunzi wa Tata, na kosa la hesabu sikuweza kuliacha lipite.

"Mama," nikasema, "umenihesabu mara mbili."

"Hapana." Akaweka kidole kwenye ule ushanga wa tatu. "Huyu ni wewe." Akakirudisha kidole kwenye ule wa pili, akakiacha hapo. "Huyu alikuja mbele yako. Naye alipewa jina la Cucu. Alikuwa ameanza kusimama."

Tata alikuwa ameketi chini kwenye vumbi na gauni lake la safari.

"Huyu hakuna mtu aliyemhesabu," mama akasema. "Mimi mama yake sikumhesabu. Nilichunga mdomo wangu kila siku, watu wakiniuliza nasema ni hawa tu, ni hawa tu. Na alienda."

Hakulia. Alikuwa anaongea nami, lakini sauti yake ilivuka kichwa changu ikaenda mpaka kwenye kigoda. Nikatazama huko pia. Cucu alikuwa ameinua uso, na macho yake yalikuwa kwenye ule ushanga ulio chini ya kidole cha mama, kwa namna ile aliyotazama mlango wa zizi jioni, sura zikiingia.

"Basi hesabu," mama akaniambia. "Kwa sauti, nisikie."

Niliogopa, lakini magoti yake yalikuwa yamenibana pande zote mbili. Nikaweka kidole pale alipoweka chake nikaanza. Mmoja. Wawili. Watatu. Wanne. Ireri hakuamka, aligeuka tu upande, akapumua. Nikamtazama Cucu nione kama atanizuia, na nikaona midomo yake ikitembea, imechelewa nyuma yangu kidogo, anatuhesabu.